Kwa nini mashabiki wa sataranji hawajamsahau Mikhail Tal, bingwa wa mwaka mmoja

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na ndiye msimamizi wa klabu ya sataranji shuleni kwetu. Vijana wangu wamejifunzia mchezo huu kwenye simu, kwa hiyo wanamjua Magnus Carlsen na wengine wanaocheza sasa. Nilipowaonyesha orodha ya mabingwa wa dunia waliopita, mmoja akaniuliza kwa nini wapenzi wa zamani wa sataranji hawaishi kumtaja Mikhail Tal, wakati taji alilishika mwaka mmoja tu, na kompyuta inaonyesha kwamba kafara zake nyingi, yaani kete alizozitoa makusudi ili apate faida nyingine, zilikuwa na kasoro. Sikuwa na la kumjibu. Je, sifa za Tal ni za haki au ni hadithi zilizokuzwa? Na niwafundishe vijana michezo yake, au nitawaharibu?

Jibu: Mwalimu, sifa za Tal ni za haki, na hizo kasoro zinazoonyeshwa na kompyuta ni sehemu ya sababu. Najua hilo halikubaliki kirahisi, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa urefu, maana kijana wako ameuliza jambo ambalo hata wachambuzi hulipita juujuu.

Nianze na upande usiompendelea Tal. Emanuel Lasker alikuwa bingwa wa dunia kwa miaka 27. Garry Kasparov alilishika taji lake kuanzia 1985 hadi 2000. Mikhail Botvinnik alilitwaa 1948, akanyang'anywa na Vasily Smyslov 1957, akalirudisha 1958, akanyang'anywa na Tal 1960, akalirudisha tena 1961, mpaka Tigran Petrosian alipomwondoa kabisa 1963. Tal yeye alitawazwa Mei 1960, na Mei 1961 taji likawa limeshaondoka. Kwa kipimo cha miaka, hana hoja.

Ila shabiki hakumbuki kwa kipimo hicho. Sataranji ina jambo moja ambalo michezo mingi haina: kila hatua huandikwa, na mchezo uliochezwa Moscow miaka zaidi ya 60 iliyopita unaweza kuupanga leo usiku mezani kwako, kete kwa kete, bila kukosa hata moja. Shabiki wa mpira anayesimuliwa juu ya mchezaji wa zamani lazima aamini simulizi au atafute picha za mnato. Shabiki wa sataranji anaketi mahali palepale alipoketi bingwa, anaona kilekile alichokiona, kisha anajiuliza: mimi hapa ningefanya nini? Urithi wa bingwa aliyepita hukaa katika swali hilo. Na katika mabingwa wote, sijui mwingine ambaye hatua zake humfanya mtu wa kawaida aruke kitini kama Tal.

Alizaliwa Riga, Latvia, tarehe 9 Novemba 1936, mtoto wa daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tangu kuzaliwa, na bado alipiga piano. Alisomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Latvia, na kwa muda mfupi alikuwa mwalimu wa shule mjini Riga. Nadhani hilo litakupendeza. Mwaka 1957, akiwa na miaka 20, alishinda ubingwa wa Umoja wa Kisovieti. Usiuone huo kama ubingwa wa taifa wa kawaida, kwani wakati ule wengi wa wachezaji bora wa dunia walikuwa raia wa nchi hiyo moja, na kuna waliosema kwamba kuushinda ni kazi ngumu kuliko mashindano mengi ya kimataifa. Mwaka uliofuata akaurudia.

Mwaka 1959 yakafanyika mashindano ya wagombea huko Yugoslavia, katika miji ya Bled, Zagreb na Belgrade, ili kumpata wa kupambana na bingwa. Walikuwa wachezaji wanane, kila mmoja akikutana na mwenzake mara nne, yaani michezo 28 kwa mtu. Tal alipata pointi 20 na kushika nafasi ya kwanza. Miongoni mwa waliokutana naye alikuwemo kijana wa Kimarekani wa miaka 16, Bobby Fischer. Tal alimfunga michezo yote minne. Hapo ndipo pia palipotokea kisa cha miwani. Tal alikuwa na mazoea ya kumkazia macho mpinzani wake, na Pál Benko, aliyeona kwamba macho yale yanamvuruga, alikuja mezani amevaa miwani ya jua. Tal akaazima ya kwake, kubwa zaidi, akaivaa. Ukumbi ukaangua kicheko, na Benko akafungwa.

Sasa tuje kwenye pambano lenyewe. Machi 1960, Moscow, Botvinnik ana miaka 48, mhandisi wa umeme, mtu aliyeifanya sataranji kuwa taaluma ya maandalizi: daftari, uchambuzi, mazoezi ya mwili, ratiba. Tal ana miaka 23. Mchezo wa kwanza Tal akashinda, minne iliyofuata ikawa sare. Kisha ukaja mchezo wa sita, na huo ndio nitakaokaa nao kidogo, kwa sababu jibu la kijana wako limo humo.

Botvinnik alikuwa na kete nyeupe. Kufikia hatua ya 21, mfalme wake yuko h2 (herufi a hadi h hutaja safu za ubao, namba 1 hadi 8 hutaja mistari yake), mshazari mbele yake kuna kitunda cha g3, na ubavuni mwake amesimama askofu wa g2. Ni ulinzi mzuri, hauna ufa unaoonekana. Farasi wa Tal yuko pembeni, h5, mahali ambapo vitabu vya kufundishia humwita farasi asiye na kazi. Tal akamchukua farasi huyo, akamweka f4, mahali ambapo kitunda cha g3 kinamla, bure kabisa. Hapakuwa na tishio la mara moja, wala shaha (kumtishia mfalme moja kwa moja), wala malkia wa kukamatwa baada ya hatua mbili. Ni farasi mzima ametolewa ili kitunda cha e5 kipate kusogea kwa kula, na askofu mweusi aliyekuwa amejificha g7 nyuma yake apate njia ndefu ya kuvuka ubao wote.

Watazamaji ukumbini walishindwa kujizuia. Kila mmoja alianza kumweleza jirani yake anachokiona, na kelele zikazidi mpaka mchezo ukahamishiwa chumba cha nyuma, mbali na hadhira. Fikiria jambo hilo: hatua moja ya sataranji, mchezo wa watu waliokaa kimya, imesababisha wachezaji wahamishwe kwa sababu ya makelele ya mashabiki.

Botvinnik akamla farasi. Tal akala kitunda kwa kitunda. Hatua iliyofuata malkia mweusi akaingia b2, ndani kabisa ya eneo la adui. Botvinnik akaleta ngome b1 kumtisha malkia huyo, na Tal badala ya kumkimbiza akasukuma kitunda chake hadi f3, akitishia malkia wa Botvinnik na askofu wake kwa pamoja. Katika hatua ya 25 Botvinnik alifanya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu angelifanya: akamla malkia kwa ngome. Tal naye akamla malkia wa mwenzake kwa kitunda, na kitunda hicho sasa kimesimama e2, hatua moja tu kabla ya kuwa malkia mpya. Moshi ulipotulia Tal alikuwa amerudisha kete yake na kitunda juu, na Botvinnik akasalimu amri katika hatua ya 47.

Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba katika hatua ile ya 25 Botvinnik hakupaswa kumla malkia mara moja. Alipaswa kwanza kula kitunda cha f3 kwa askofu wake, akubali kupoteza ngome ya b1, na kama angecheza vizuri baada ya hapo, Mweupe ndiye angekuwa na hali bora. Simu ya kijana wako inalionyesha hilo kabla hata hajaweka kidole. Kwa hiyo ni kweli, farasi wa f4 hakuwa "sahihi" kwa maana ya kompyuta.

Lakini mchezo ule haukuchezwa na kompyuta, Mwalimu. Ulichezwa na mtu ambaye saa yake inakimbia, ambaye mfalme wake ameondolewa kitunda cha mbele, ambaye kila baada ya hatua moja anaulizwa swali jipya gumu kuliko lililopita. Ili aepuke, Botvinnik alipaswa kuona kwamba amwache malkia wa adui akiwa hai, amwache askofu mweusi aile ngome yake, ailipize, kisha malkia yuleyule anapochepuka kwenda c2 awe na jibu la askofu e4, na baada ya hapo bado apige hesabu ya matawi kadhaa. Hayo yote ndani ya muda uliobaki. Bingwa wa dunia hakuyaona. Tal alijua kwamba ni vigumu kuyaona, na hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiipiga.

Hapa watu wengi humkosea. Wanadhani Tal alikuwa akitupa kete kwa ujasiri wa kijinga na kubahatisha. Sivyo. Alikuwa mmoja wa wapiga hesabu wepesi kuliko wote wa zama zake, na alipotoa kete alijua anachonunua: njia zilizofunguka, mfalme wa mwenzake aliyeachwa wazi, kete za adui zilizo mbali na vita, na muda wa adui unaoyeyuka. Tofauti yake na Botvinnik ni kwamba Botvinnik alitafuta hatua iliyo bora ubaoni, na Tal alitafuta hatua ambayo mtu aliyeketi mbele yake angeshindwa kuijibu. Kwa mashabiki, ambao wote wanacheza wakiwa binadamu wenye saa, hoja ya Tal inaeleweka mara moja. Sisi sote tumewahi kupoteza mchezo ambao kompyuta ilisema tunaushinda.

Na niongeze hili. Desemba 2017 programu iitwayo AlphaZero, iliyojifunza sataranji kwa kucheza yenyewe dhidi ya yenyewe, iliishinda Stockfish, programu iliyokuwa miongoni mwa bora kabisa. Wachezaji waliposoma michezo ile walishangaa kuona AlphaZero ikitoa vitunda na hata kete kubwa ili tu kete zake nyingine zipate uhuru na za adui zibanwe kwa muda mrefu. Kafara za Tal hazikugeuka kuwa sahihi kwa sababu hiyo, zilizo na kasoro zinabaki na kasoro. Lakini lile wazo la msingi, kwamba idadi ya kete si kila kitu na uhai wa kete una bei yake, halikuwa ndoto ya kijana wa Riga peke yake.

Pambano la 1960 liliisha 12½ kwa 8½ (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu): Tal alishinda michezo sita, akapoteza miwili, na 13 ikawa sare. Alikuwa bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, na rekodi hiyo ilidumu hadi Kasparov alipotwaa taji 1985 akiwa na miaka 22.

Mwaka mmoja baadaye likaja pambano la marudiano, kwa kuwa sheria za wakati ule zilimpa bingwa aliyeshindwa haki ya kurudiana. Tal alikuwa mgonjwa. Figo zilimsumbua maisha yake yote. Mashabiki wake wengi hukomea hapo na kusema kilichomshinda ni ugonjwa. Mimi sikubaliani nao kabisa. Botvinnik alimsoma Tal mwaka mzima kama mwanasheria anavyosoma faili la kesi, akagundua kwamba kijana yule hapendi ubao mkavu, malkia wakishatoka, mahali ambapo hakuna mfalme wa kushambulia. Akawa anampeleka huko mchezo baada ya mchezo. Alishinda 13 kwa 8, akichukua michezo kumi mizima. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa ya mtu aliyekuwa anakaribia miaka 50, na atakayewafundisha vijana habari za Tal bila kuwaeleza hili anawapa nusu ya habari.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo hadithi maarufu huificha, nayo mimi huipenda kuliko zote. Kijana akisoma mtandaoni atadhani Tal aliwaka 1960 kisha akazimika. Ukweli ni kwamba alicheza kwenye ngazi ya juu miaka mingine 30. Alishinda ubingwa wa Umoja wa Kisovieti mara sita kwa jumla, wa mwisho ukiwa wa 1978. Mwaka 1969 aliondolewa figo moja, na baada ya hapo akacheza vizuri kuliko wengi walivyotarajia: kati ya 1972 na 1973 alikaa michezo 86 bila kufungwa, na kati ya 1973 na 1974 akakaa michezo 95, akishinda 46 na kutoka sare 49. Rekodi hiyo ya wachezaji wa ngazi ya juu ilikaa hadi 2018, Ding Liren alipofikisha 100, na baadaye Carlsen akaipeleka hadi 125. Tafadhali mwambie kijana wako ayatafakari hayo: mtu anayesifiwa kwa kuthubutu ndiye huyohuyo aliyekuwa mgumu kufungwa kuliko yeyote. Mtu wa kubahatisha hawezi kukaa michezo 95 bila kuteleza.

Mwaka 1979 huko Montreal, Kanada, aligawana nafasi ya kwanza na bingwa wa dunia wa wakati huo, Anatoly Karpov. Mwaka 1988, akiwa na miaka 51, alishinda ubingwa wa dunia wa michezo ya haraka mjini Saint John, Kanada, katika mashindano waliyoshiriki Kasparov na Karpov wote wawili.

Tabia yake ina uzito katika hili, wala siwezi kuitenga na michezo yake. Mabingwa wengi wa zama zile walijiweka mbali na watu. Tal alicheza na yeyote aliyekuwa na ubao. Aliandika juu ya michezo yake kwa namna ambayo wakubwa wenzake hawakuthubutu, akikiri kwamba hakuona mwisho, kwamba alihisi tu. Mwenyewe alisimulia kisa kimoja cha mchezo wake na Evgeny Vasiukov katika ubingwa wa Umoja wa Kisovieti. Alifika mahali pa kutoa farasi, matawi ya hesabu yakawa mengi mno, akili ikachoka. Ghafla akakumbuka shairi la watoto la Kirusi linalosema ni kazi ngumu kumtoa kiboko kwenye kinamasi, naye akaanza kuwaza kwa dhati: angetolewaje? Kwa jeki? Kwa nyenzo? Kwa helikopta? Kwa ngazi ya kamba? Alipoona hakuna njia, akaamua kiboko azame tu, akarudisha macho ubaoni, akaona kwamba farasi huyu hahesabiki mpaka mwisho na hana budi kumtoa kwa hisia. Akamtoa, akashinda. Kesho yake gazeti likaandika kwamba Tal, baada ya kufikiri kwa makini dakika 40, alitoa kafara iliyopigwa hesabu barabara.

Mtu anayesimulia hivyo habari zake mwenyewe hupendwa. Shabiki mdogo anayesoma kisa hicho anapata ruhusa ya kuogopa na kuchanganyikiwa akiwa mezani, kwa kuwa bingwa wa dunia naye alichanganyikiwa.

Mwaka 1962 huko Curaçao, kwenye mashindano mengine ya wagombea, Tal aliugua akalazwa na kulazimika kujitoa. Inakumbukwa kwamba aliyekwenda kumtazama hospitalini ni Fischer, yule kijana ambaye Tal alimfunga mara nne. Fischer hakuwa mtu rahisi kuelewana na watu, na kwa Tal alikuwa na nafasi. Ipo picha yao: Tal kitandani, Fischer kando yake, na ubao kati yao.

Mei 1992, akiwa mgonjwa mahututi, Tal alitoka hospitali mjini Moscow akaenda kushiriki mashindano ya michezo ya haraka, na humo akamfunga Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia. Tarehe 28 Juni, mwezi mmoja baadaye, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 55. Alivuta sigara sana na kunywa sana, na naomba usiwaachie vijana waone hilo kama sehemu ya kipaji chake. Lilimfupishia maisha na kumnyima mashindano mengi. Leo sanamu yake iko katika bustani ya Vērmane mjini Riga, na kuanzia 2006 Moscow iliandaa mashindano ya kumbukumbu yake yaliyowaleta wachezaji bora wa dunia.

Nisije nikaonekana nawadharau mabingwa wengine. Urithi wa Botvinnik upo, ila umekaa mahali ambapo shabiki haoni kwa urahisi. Shule yake ilipitiwa na Karpov, Kasparov na Vladimir Kramnik, wote watatu wakawa mabingwa wa dunia, na namna wachezaji wa leo wanavyojiandaa ina alama zake kila mahali. Anaheshimiwa na makocha. Viswanathan Anand wa India ameacha urithi wa namna nyingine: alipopata hadhi ya grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, 1988 alikuwa Mhindi wa kwanza, na Desemba 2024 Gukesh Dommaraju, kijana wa Chennai mwenye miaka 18, akawa bingwa wa dunia kutoka katika taifa ambalo sasa lina magrandmasta zaidi ya 80. Fischer naye aliwaachia watu majonzi: alimfunga Boris Spassky 12½ kwa 8½ mjini Reykjavik 1972, matokeo yaleyale ya Tal na Botvinnik, kisha hakutetea taji hata mara moja. Mashabiki wanamkumbuka kwa yale waliyoyaona na kwa yale ambayo hawakuwahi kuyaona. Tal hakuacha shule, hakuamsha taifa, wala hakuacha fumbo. Aliacha michezo, na kumbukumbu ya mtu aliyefurahia kucheza.

Sasa swali lako la mwisho: uwafundishe? Ndiyo, ila si kwa mpangilio ambao walimu wengi hutumia. Kosa la kawaida ni kumwonyesha mwanafunzi kafara kumi zilizoishia kwa ushindi, naye kesho yake anaanza kutoa farasi kila mchezo, anafungwa, na kuhitimisha kwamba Tal ni mtu wa vitabuni. Wale waliokwisha kuzoea kucheza bila kuacha kete bure ndio uanze nao. Wanaoanza kabisa waache kwanza wajifunze kulinda walichonacho.

Chukua mchezo ule wa sita wa 1960. Ucheze polepole mpaka hatua ya 21, farasi akishakuwa f4, kisha usimame. Simu zote zizimwe. Wapange wawiliwawili, mmoja awe Botvinnik na mwingine awe Tal, kila mmoja apewe dakika 15, waendelee kutoka hapo mpaka mwisho. Wakimaliza, wabadilishane pande. Usiwaambie nini kilitokea. Baada ya hapo hesabu wangapi waliocheza na nyeupe waliweza kuinusuru kete ile ya ziada, na kila aliyefungwa akuonyeshe hatua ambayo alianza kuhisi amepotea. Hapo ndipo uwaonyeshe mchezo halisi, na mwisho kabisa ndipo uwashe kompyuta iwaonyeshe askofu kula f3. Yule kijana aliyeuliza swali mpe nyeupe kwanza.

Wakiupenda, wa pili uwe mchezo wa kumi wa pambano la Tal na Bent Larsen, Bled 1965. Walikuwa sawa 4½ kwa 4½ na huo ndio ulikuwa wa mwisho. Katika hatua ya 16 Tal, akiwa na nyeupe, aliweka farasi d5 pale ambapo kitunda kinamla. Nayo kafara hiyo baadaye ilionekana kuwa na jibu, na Larsen, mmoja wa wachezaji wakali kabisa wa kizazi chake, hakulipata. Kisha, ili wasidhani Tal ni kushambulia tu, watafutie sare mbili tatu za ule mfululizo wa 1973 na 1974, zile ambazo alibanwa na akatoka salama. Katika hizo waulize swali tofauti: ni hatua ipi ilimzuia mpinzani wake asishinde?